Kabla Hujamkatalia Muhindo

Nakumbuka Jumapili moja, mjukuu wangu Masika, nilipokuwa na umri kama wako, nikasimama kanisani na kusema maneno mazuri sana. Sauti yangu haikutetemeka. Watu walipiga makofi ndani ya nyumba ya Mungu, jambo ambalo halikuwa desturi yetu hata kidogo. Leo nimepita miaka sabini. Mungu amenipa magoti ambayo bado yanapanda mlima wa Kimemi, amenipa wajukuu, ameniachia na meno ya kutafuna mahindi ya kuchoma. Namshukuru kwa kila kimoja. Ila makofi yale nimemwomba mara nyingi ayaondoe masikioni mwangu, na mpaka leo ameyaacha.

Utasema uliniomba jambo dogo tu na mimi nimekujibu kwa karatasi nne. Univumilie. Ukimaliza kusoma, uwasomee na wenzako ukitaka. Na kwa kuwa wengine hawakuwepo, nitaeleza tangu mwanzo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa nimekaa kwenye ukuta mfupi wa kanisa nikingoja ukungu uishe mlimani. Ninyi vijana mlikuwa karibu yangu, kila mmoja na simu yake, mnabishana juu ya Muhindo. Mimi mpira wenu wa kwenye skrini siujui vizuri, lakini hadithi yake naijua, kwa sababu mwaka mzima haikutoka nyumbani mwetu. Muhindo ndiye kijana wa kwanza wa hapa kulipwa mshahara kwa mchezo huo. Timu yenu ilicheza na Beni, ilicheza hata na Kampala, bila mtu kuondoka Butembo, na mama zenu walishukuru, maana kwenye barabara ya Beni siku hizi watu wanavamiwa na kuuawa. Kisha ikagundulika kwamba katika mechi mbili hakuwa yeye aliyecheza. Alikuwa mgonjwa, akaogopa kusema, akampa mtu mwingine acheze kwa jina lake. Timu nzima ikaondolewa kwenye mashindano. Muhindo alikubali kosa, akafungiwa mwaka mmoja. Kiti chake ukapewa wewe, Masika, ambaye Muhindo mwenyewe alikuwa amekufundisha kucheza.

Sasa mwaka umekwisha, na mashabiki wamegawanyika.

"Mumuache arudi," Kakule alisema, yule fundi wa pikipiki anayechekesha watu. "Hapa Butembo nani anachezaka kama yeye? Weye? Na vidole vyako vya mafuta?"

"Vidole vya mafuta ni vyako," mmoja akamjibu, na watu wakacheka.

Ndipo nikasikia sauti yako, Masika. "Aliharibisha jina letu. Beni banatucheka mpaka leo. Arudi kwa mama yake, hapana kwa timu yetu."

"Lakini alikubali kosa," Kakule akasema. "Mwaka muzima amekaa inje. Unataka alale kwanza ndani ya kaburi?"

"Ninataka mikono safi."

"Eh, Masika! Useme tu kweli. Unaogopa kiti!"

Wote wakacheka. Ulicheka na wewe, lakini ulikuwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kunyamaza. Mzee aliyekaa kwenye ukuta ana kazi gani nyingine zaidi ya kuona mambo kama hayo?

Jioni ukaniletea chai, na chini ya sahani kulikuwa na karatasi. Ukasema, "Sokulu, babu yangu, weye unajua Kiswahili ya Biblia. Unitengenezee hii, iwe muzuri. Nitaisoma Jumamosi mbele ya bote." Ukaniambia viongozi wa timu wameita wachezaji na mashabiki, na kwamba neno la mchezaji litakuwa zito. Mkimkataa, hatarudi.

Nimesoma barua yako mara tatu. Sikupata kosa. Umeandika kwamba humchukii, kwamba unamwombea, kwamba mchezo wenu ni mchanga na unahitaji mikono safi. Ni barua nzuri. Kwa sababu hiyo sikulala vizuri, maana hata yale maneno yangu hayakuwa na kosa.

Wakati wa ujana wetu, mashindano yalikuwa ya kwaya. Msicheke. Parokia na parokia zilibishana juu ya sauti ya pili kama ninyi mnavyobishana juu ya magoli, na kulikuwa na watu waliokataa kusalimiana wiki nzima kwa ajili ya wimbo. Mwimbishaji wetu aliitwa Kambale. Alinizidi miaka minne. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma noti, akinipigia kidole mgongoni mpaka nikajua kuhesabu mapigo ya wimbo. Alikuwa na fimbo ndogo ya mkaratusi aliyoichonga mwenyewe, nyembamba kama kalamu, na akiinua fimbo ile hata wanawake waliokuwa wanasengenyana nyuma walinyamaza.

Mwaka mmoja tulikwenda kushindana Beni. Tulipanda kamyo, lori la mizigo, tukaimba njia nzima, na hapakuwa na mtu aliyeangalia pori kwa hofu. Tulikuwa na wimbo mmoja mpya, alioutunga Kambale, ambao tulikuwa tumeujifunza kwa miezi. Kwaya ya Beni ikatangulia kuimba. Wakaanza, na sisi tukatazamana. Ulikuwa wimbo wetu. Neno kwa neno, hata pale mwisho ambapo sauti ya tatu inabaki peke yake. Zamu yetu ilipofika hatukuwa na wimbo mwingine. Tulisimama, tukaimba ule ule, na watu wakaimba pamoja nasi huku wakicheka.

Kambale alikuwa na mchumba katika kwaya ile. Alimfundisha wimbo, akidhani watauimba Krismasi tu. Tuliporudi Butembo alikwenda kwa wazee wa kanisa kabla hawajamwita, akasema yote. Wakamweka chini ya nidhamu mwaka mmoja. Ninyi mnaijua desturi, ingawa siku hizi imelegea: anayetengwa anakaa kwenye benchi ya mlangoni, haimbi, na wakati wa Meza ya Bwana anatoka nje. Mwaka mzima nilimwona Kambale akitoka, mvua iwepo au isiwepo.

Siku ya kwanza ya adhabu yake alinipa ile fimbo. Alisema maneno mawili tu: "Unishikie kwanza."

Nikaishika. Mwanzoni mkono wangu uliona haya. Baada ya miezi mitatu haukuona haya tena. Wasichana walinisalimia kwa jina. Mama yangu aliketi mbele ili anione vizuri. Mwaka ulipokaribia kwisha nilianza kuhesabu siku, na sikuwa nazihesabu kwa furaha.

Jumapili ya kumrudisha ikafika. Mchungaji wetu, mzee mpole aliyekuwa haoni vizuri, alimwita Kambale mbele. Kulingana na desturi aliuliza kusanyiko: "Ndugu yenu amemaliza mwaka wake. Mwenye neno la kumzuia, aseme sasa." Swali lile liliulizwa kila mara na halikujibiwa kamwe. Watu walinyamaza, wazee wakampa mkono wa ushirika, basi.

Mimi nikasimama.

Nikasema: "Wapendwa, sina chuki na ndugu yetu. Lakini wimbo ni sadaka yetu kwa Mungu, na yeye aliitoa sadaka ile mikononi mwetu bila kutuuliza. Tuendelee kumwombea. Tusiharakishe."

Ndipo makofi yakapigwa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba neno moja likisimama, mambo yanangoja Meza ya Bwana ijayo, miezi mitatu. Miezi mitatu si mingi. Nilijiambia hivyo wakati ule ule, mdomo wangu ukiwa bado wazi. Kambale hakunitazama usoni. Alitazama mfuko wa koti langu, ambako kichwa cha ile fimbo kilikuwa kinachungulia. Kisha akageuka, akatembea katikati ya watu. Sote tulidhani anarudi kwenye benchi yake. Akaipita benchi, akatoka. Hakurudi baada ya miezi mitatu, wala baada ya mwaka. Tulisikia amekwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu.

Baada ya ibada mchungaji alinishika mkono, maana alihitaji mtu wa kumwongoza kwenye ngazi. Tulipofika chini akasema, "Mwanangu, ulisema vizuri. Sasa nenda ukamwambie Mungu ile sababu ambayo hukuitaja." Nilimchukia mzee yule kwa miaka mingi.

Niliongoza kwaya ile zaidi ya miaka thelathini. Tulishinda mara nyingi. Watu wananishukuru hata leo njiani, nami nainamisha kichwa, na wao wanadhani ni unyenyekevu.

Mara moja nilikwenda kumtafuta. Nilikuwa tayari na watoto watatu. Nilifika Manguredjipa nimejaa matope mpaka shingoni, nikamkuta kwenye shamba lake la muhogo, amekonda, jicho moja limeharibiwa na jiwe la shimoni. Alinipokea kama mtu wa kwao. Akanipa maji ya kunawa, mke wake akachinja kuku. Tulipokaa kula nikasema yale niliyoyapanga njia nzima:

"Kaka Kambale, nisamehe kwa maneno niliyosema siku ile."

Akatafuna polepole. "Maneno yako ilikuwa muzuri," akasema. Halafu akauliza, "Ungali unaimbisha kwaya?"

"Ndiyo."

"Aa. Basi. Kula, kuku inapoa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua. Alijua tangu kanisani, alipotazama mfuko wangu. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile kumwomba radhi kwa maneno, wakati maneno hayakuwa deni langu kwake. Na fimbo sikuibeba. Nilipokuwa nafunga mizigo niliiona, nikaiacha pale ilipokuwa.

Niliahidi moyoni kurudi nayo. Mwaka ule kulikuwa na harusi, mwaka uliofuata kulikuwa na mashindano, kisha vita vikaja na njia ile ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Kila mara watu wanapokimbia kutoka upande ule na kufika hapa mjini na magodoro kichwani, mimi nakwenda kuwauliza. Wananitajia Kambale wengi, maana sisi Wanande tuna Kambale katika kila nyumba. Mwenye jicho moja hakuna anayemjua. Usiku na asubuhi namtaja mbele za Mungu, na sijui kama ninamwombea mtu aliye hai.

Sasa nisikilize, Masika, na wenzako wasikilize.

Sikwambii kwamba Muhindo hakukosa. Alikosa, na Kambale alikosa. Timu inaweza kuwa na sababu za kweli za kumkataa, na mwenye sababu ya kweli aiseme, hata kama inauma. Lakini mliweka mwaka mmoja. Hakuna aliyewalazimisha kuuita mwaka. Kama mlitaka iwe milele mngesema milele siku ile, kijana wa watu akatafuta maisha mengine, asikae mlangoni akihesabu miezi kwa kuwaamini.

Na wewe uliyekalia kiti chake, neno lako haliwezi kuwa kama neno la Kakule. Ukisimama Jumamosi, anza na kiti. Sema mbele ya wote: "Muhindo akirudi, mimi naondoka kwenye nafasi hii, na sitaki kuondoka." Sema hivyo kwa sauti, kisha ndipo uendelee na mikono safi, kama bado utakuwa na hamu ya kuendelea. Ukishindwa kutamka hilo, kaa chini. Kunyamaza siku moja ni afadhali kuliko kuimba miaka thelathini kama nilivyoimba mimi.

Na ninyi mashabiki, mwenzenu akisema vizuri, ngojeni kidogo kabla ya kupiga makofi. Watu mia mbili walikuwa kanisani siku ile. Angesimama mmoja tu, hata mama wa kufagia, akaniuliza, "Na hiyo fimbo mfukoni ni ya nani?" ningekaa chini kwa aibu, na Kambale angezeeka hapa Butembo.

Barua yako iko mezani. Sikubadili neno hata moja. Juu yake nimeweka ile fimbo ndogo ambayo tangu utotoni umeiona juu ya kabati na kuniuliza ni ya nini, nami nikakudanganya kwamba ni ukumbusho wa kwaya. Jumamosi nenda nayo. Ukiwa unasoma, iwe mkononi mwako, watu waione.

Mungu wa baba zetu akupe mkono mwepesi wa kurudisha kitu cha mwenzako angali hai. Akulinde na sifa za siku moja. Na Muhindo akiingia mlangoni Jumamosi, Bwana amjalie apate mtu wa kumtazama usoni. Amina.