Mteja wa Kwanza Haondoki Mikono Mitupu

Nilipokuwa mtoto kule Bredäng, kusini mwa Stockholm, nilikuwa mkalimani wa watu wawili waliozungumza lugha moja. Baba yangu alikuwa mtu wa Tanga, bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mikindani, na hakuna neno la mmoja ambalo mwenzake hakulielewa. Lakini bibi alikuwa mkwe. Baba alilelewa kwamba mkwe humkodolei macho, hubishani naye, wala huropoki mbele yake. Kwa hiyo alisimama jikoni, karibu kabisa na bibi, akaniambia mimi:

"Saada, mwambie bibi yako kuna kitu kinaungua."

Na bibi, huku anageuza chapati, alinijibu mimi:

"Mwambie baba yako pua yangu haijafa."

Nilikuwa na miaka tisa, na nilishachoka kuliko mtu mzima.

Bibi alikuja wakati mdogo wangu alipozaliwa, amsaidie mama, ambaye alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja kwa miezi mitatu akakaa miaka. Alikuja na kanga zake, na chetezo cha udongo alichokifunga ndani ya kanga kuukuu, na mji mzima wa Mikindani kichwani mwake. Mji huo aliusimulia kwa maduka. Ungemuuliza habari za ndugu yake, angeanza: "Ukitoka msikitini, kwanza Hemedi muuza kamba na misumari. Halafu Bi Kuruthumu wa mikate ya kumimina. Halafu cherehani ya Mzee Chande." Huyo Mzee Chande, alisema bibi, hakuwahi kushona suruali ambayo miguu yake ilikuwa sawa, lakini watu walimpelekea vitambaa kwa sababu alijua habari za kila nyumba, na ukingoja nguo yako ulirudi na habari za mwezi mzima. Baada yake ndipo anakuja Mhindi wa vitambaa waliyembandika jina la Bwana Pima, ambaye alipima doti ya kanga huku macho yake yamo mkononi mwa mteja. Ndugu uliyemuulizia alikuwa anakaa nyuma ya Bwana Pima, na kufika kwake ilikuwa nusu saa.

Mimi sikuwahi kuiona Mikindani. Niliijua kama mtoto anavyojua somo asilolipenda.

Na kila duka lilikuwa na miiko yake. Jua likizama, sindano haiuzwi. Chumvi usiku haitajwi kwa jina lake. Taka hazifagiliwi nje jioni, maana unafagia riziki. Mwiko uliozidi yote ulikuwa huu: mteja wa kwanza wa asubuhi haondoki mikono mitupu. Huyo ndiye mfunguo wa siku. Akitoka bila kitu, umekwisha. Funga duka ukalale.

Haya yote ningeyavumilia kama yangebaki nyumbani. Lakini baba akafungua duka.

Alikuwa amekuja Sweden mwishoni mwa miaka ya sitini kujifunza ufundi wa mitambo, akabaki, akaajiriwa kiwandani. Miaka michache baadaye, mama akimsihi asifanye hivyo, aliacha kazi ile ya uhakika akapanga chumba kidogo karibu na kituo cha treni ya chini kwa chini, atengeneze redio na cherehani. Ilikuwa ndoto yake. Ilikuwa pia majira ya baridi, na Waswidi wa mtaani kwetu walipita nje wameinamisha vichwa, wanakimbilia treni. Kuna siku aliingia mtu mmoja, kuna siku hakuingia mtu. Baba alianza kukonda. Mama alianza kunyamaza, na mama akinyamaza nyumba yote ilikuwa inasikia.

Bibi akaamua kusaidia.

Kwanza alipeleka chetezo. Asubuhi moja alikifukiza chumba kizima ubani, kona hadi kona, mpaka msimamizi wa jengo akaja mbio amekumbatia chombo cha kuzimia moto, nyuma yake mama mmoja wa duka la maua anapiga kelele. Baba aliomba radhi kwa Kiswidi mpaka maneno yakamwishia. Kisha akanigeukia.

"Mwambie bibi yako hili ni duka, si kilinge cha mganga."

"Mwambie baba yako," akasema bibi, anapepea moshi kwa upande wa kanga, "ndiyo maana halina wateja."

Chetezo kikarudi nyumbani. Bibi hakurudi. Alijiwekea kiti karibu na mlango, chupa ya chai miguuni, akawa anakaa pale kila asubuhi kumkagua mteja wa kwanza. Na mteja wa kwanza, karibu siku zote, alikuwa Bwana Lindkvist.

Bwana Lindkvist alikuwa mzee mjane aliyekaa peke yake ghorofa za juu ya kituo. Alivaa kofia ya manyoya yenye masikio. Aliingia, akavua glavu, akagusa redio moja baada ya nyingine, akazungusha vifundo vya sauti, akauliza bei ya moja, akasema asante sana, akaondoka. Hakununua hata skrubu. Baba hakujali, alimwona mzee mpweke anayeota joto. Lakini bibi alimwangalia kama mtu anayemwona paka anaingia jikoni.

"Nuksi hiyo," aliniambia, bila kupunguza sauti, maana nani angeelewa. "Imevaa na kofia."

Wiki ya likizo ya Februari nilikuwa nashinda dukani, kwa sababu mama alikuwa kazini na mdogo wangu alikuwa kwa jirani. Asubuhi moja ya baridi kali Bwana Lindkvist aliingia. Aligusa redio. Akazungusha kifundo cha moja, akakiacha, akakirudia kile kile. Hakuuliza bei. Akasema asante, akageukia mlango.

Bibi akainuka, akasimama mlangoni.

"Leo hatoki," alisema. "Saada, mwambie."

"Bibi, tafadhali."

"Mwambie!"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamwambia kwa Kiswidi, nikiangalia viatu vyangu, kwamba bibi yangu anaomba asiondoke bado. Bwana Lindkvist akacheka kidogo, akasema maneno fulani ambayo sikuyashika. Baba akatoka nyuma ya meza yake, bisibisi mkononi, uso umemsawijika kwa aibu.

"Saada! Mwambie bibi yako huyu si mfungwa. Mwambie ananiharibia jina!"

"Mwambie baba yako jina halinunui unga. Akitoka huyu mikono mitupu leo, patatokea jambo baya. Nimesema."

Baba akampita bibi kwa ubavuni, akiwa mwangalifu asimguse, akaufungua mlango mwenyewe. Akaushikilia wazi. Baridi ikaingia kama maji. "Karibu tena, Bwana Lindkvist," alisema kwa Kiswidi chake cha adabu, akimwonyesha njia.

Mzee akapiga hatua. Bibi akamkamata mkono.

Nilitamani sakafu ipasuke. Bibi yangu, mwanamke wa Kiislamu asiyempa mkono hata daktari, amemshika Mswidi mkono hadharani, na watu wanapita kwenda kwenye treni wanageuza shingo. Ndipo nikaona uso wa bibi unabadilika. Alikuwa anautazama ule mkono.

"Mbona ana jasho?" akasema. "Mtu huyu amelowa. Mwambie baba yako afunge mlango."

Sikumwambia. Baba alishasikia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakungoja mkalimani. Alifunga.

Bwana Lindkvist aliniangalia akaniita Birgit. Aliniuliza kama nimefunga baiskeli. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na jasho lilikuwa linamchuruzika kutoka chini ya kofia. Bibi akamkalisha kwenye kiti chake, akafungua chupa ya chai. Chai ya bibi sisi wajukuu tulikuwa tunaiogopa: sukari ilikuwa inatangulia, maji yanafuata. Akamshikia kikombe kinywani kama anavyomshikia mtoto.

"Kunywa, baba. Haya, kunywa. Taratibu."

Na yule mzee akanywa, huku baba anapiga simu ya gari la wagonjwa. Akanywa kikombe cha pili. Wahudumu walipofika alikuwa ameanza kuuliza kwa sauti ya kawaida kofia yake iko wapi.

Jioni mama alitueleza. Bwana Lindkvist alikuwa na kisukari. Alikuwa amejidunga sindano yake asubuhi akasahau kula, au hakuwa na hamu ya kula peke yake, na sukari mwilini ikashuka. Mhudumu mmoja alimwambia baba kwamba kama mzee angetoka akaanguka kwenye kile kijia cha nyuma ya majengo, asubuhi kama ile, angeonekana akiwa ameshaganda.

Nilimtazama bibi, nikitegemea sijui nini. Bibi akakunja kanga yake mapajani.

"Nilisema," akasema. "Nuksi."

Nilipasuka. Nililia kwa hasira, Kiswidi na Kiswahili vikichanganyika, kwamba ule ni ugonjwa, ni sukari, si nuksi, kwamba bahati ya duka haikuhusika hata kidogo, kwamba ametuaibisha na hata akiwa amefanya jema anatuaibisha. Mama akanitolea macho. Bibi hakukasirika. Aliningoja nimalize.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita tukiwa na amani, "Hemedi muuza kamba unamjua?"

"Namjua, bibi." Nani asingemjua.

"Alifungua duka asubuhi, akaingia Mzee Likwata. Akagusa kamba, akagusa misumari, akatoka bila kitu. Hemedi akamtukana kwa kumtia mkosi. Adhuhuri wakamkuta Mzee Likwata nyuma ya ghala la katani, amekufa. Mji mzima ukamuuliza Hemedi: mtu ameingia kwako, hana haja ya kamba, hana haja ya misumari, wewe hukumuuliza ana haja gani? Mimi nilikuwa kigori wakati huo. Hakuna aliyenunua kwake tena. Duka likafa."

"Kwa nini hukutuambia?" akauliza baba.

Alimuuliza yeye. Mama aliacha kufuta meza.

"Hamkuuliza," bibi akamjibu, naye pia moja kwa moja. "Kila siku mnatafsiri tu."

Ningependa kusema kwamba duka lilistawi baada ya hapo. Halikustawi. Baba alilisukuma miaka michache zaidi, kisha akarudi kiwandani, na sikumsikia akimlaumu mtu. Bwana Lindkvist alirudi wiki ile ile. Alikuja kila asubuhi na mkate mtamu wa mdalasini kwenye mfuko wa karatasi, akakaa na bibi, na mimi siku za Jumamosi nikalazimika kutafsiri habari za Bwana Pima kwa Kiswidi na habari za mke wake marehemu, Birgit, kwa Kiswahili. Na bado bibi hakumwachia atoke bila kununua. Yule mzee alikufa baada ya miaka kadhaa, kitandani mwake, na wanawe walikuta sandukuni mwake skrubu na fyuzi za redio asizokuwa na kazi nazo.

Sasa nina umri unaokaribia wa bibi alipokuja kwetu, na nikimkumbuka bado napandwa na hasira ile ile. Hakukubali kamwe kwamba ilikuwa sukari. Mpaka anarudi Mikindani, mpaka anazikwa, aliamini kwamba siku ina mfunguo na mfunguo huo unaweza kupotea. Nimejaribu kumtengenezea hekima, nikajiambia kwamba mwiko ule ulikuwa njia ya watu wa mji mdogo kuangaliana. Labda ndivyo ulivyoanza. Lakini yeye hakuwaza hivyo. Alikuwa anaogopa nuksi tu, basi, na kumpachika hekima hiyo ni kumvisha nguo ya kuazima.

Linalonisumbua ni jingine. Pale dukani asubuhi ile tulikuwa wawili wenye akili timamu dhidi ya imani moja ya kizee: baba na mimi. Tulikuwa na adabu, tulikuwa na aibu, tulijua kwamba mtu mzima ana haki ya kwenda zake. Yeye aliamini jambo lisilo na kichwa wala miguu, na kwa jambo hilo akamshika mtu mkono. Sisi tulioamini yaliyo sawa tulikuwa tumeshamfungulia mlango.