Irabu za Chumba cha Kufulia

Jirani wa ghorofa ya tatu huja na kioo kidogo kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao, huko Alby, Uswidi. Dativa, ambaye zamu yake hufuata, humkuta amekiegemeza juu ya mashine, vidole viwili kidevuni, akilishusha taya lake taratibu kama mtu anayefungua droo iliyokwama. Kihispania, lugha yake, kina irabu tano tu, sawa na Kiswahili, na zile za Kiingereza humponyoka. Huirudia moja hiyohiyo huku akikung'uta mashuka, na ikimkatalia huomba radhi kwa Kiswidi, kana kwamba amemkanyaga mtu.

"Binti yangu ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, mimi na mjukuu wangu," alimwambia Dativa siku moja. Binti huyo alifariki London majira ya baridi. Mjukuu wa miaka minne amebaki na baba yake, na hajui lugha nyingine ila Kiingereza.

Jumamosi iliyopita simu iliita wawili hao wakiwa wameshika ncha za shuka moja. Jirani alimsalimia mjukuu, akamuuliza amekula nini, na kila irabu ikakaa mahali pake. Mtoto akachangamka kuona leo bibi anaelewana naye. Ndipo akamuuliza, kwa Kiingereza chake cha kitoto, mama atarudi lini.

Jirani alielewa kila neno. Taya lake likashuka vizuri kabisa, kama alivyolizoeza, lakini sauti haikutoka. Dativa akabaki ameshika upande wake wa shuka, akiogopa hata kulikunja.