Nilificha Jina Tu

Kanuni ya kwanza niliyojifunza kuhusu utafiti ni kutoandika jina la mtu. Sikufundishwa na mwalimu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Dodoma, na kwenye rafu nyuma ya mlango nikakuta mwongozo wa kuhoji watu, umechapwa kwa mashine ya roneo, hauna jalada. Niliusoma mpaka ukakaa kichwani. Kipindupindu kilipoingia vijiji vya Kondoa, na mradi mmoja ukatafuta wahojaji wa haraka, nikajitokeza. Nilikuwa na kalamu tatu, daftari lenye pambizo nilizopiga kwa rula, na woga wa kukosea ulioninyima hamu ya kula tangu asubuhi ya safari.

Tulipewa siku tano. Kiongozi wetu, daktari kutoka Dar es Salaam, alituambia kamati ya dharura ya wilaya inataka kujua kwa nini watu wanaficha wagonjwa na kuzika wenyewe. Kila alasiri tulimkabidhi kurasa zetu, naye alizipeleka moja kwa moja kwa katibu kata, aliyeipokelea kamati pale, ili hatua zichukuliwe. Sikujiuliza hatua gani. Nilijiuliza kama mwandiko wangu unasomeka.

Siku ya pili nilimhoji bibi aliyekuwa akiosha maiti za wanawake katika kitongoji chao. Wakati huo ilikuwa marufuku. Aliyekufa kwa kipindupindu alizikwa na watu wa afya, ndani ya nailoni, bila kuoshwa. Bibi alikuwa ameosha wawili.

"Ulijua ni marufuku, bibi?"

"Nilijua. Walitangaza kwa kipaza sauti, hata mbuzi walisikia."

"Hukuogopa ugonjwa?"

"Nani asiyeuogopa? Nilikwenda zahanati mara tatu kuomba glovu na klorini. Nesi akasema hazipo, nikatazame duka la dawa lile jipya hapo jirani. Nikatazama. Zimepangwa kwenye kioo. Siku hizi kila kitu kipo, mjukuu wangu, mradi utosheke na kutazama. Nikajifunga mifuko ya plastiki mikononi."

Chini ya kiti cha gari letu lilikuwapo boksi la glovu, kwa ajili yetu sisi watafiti. Lakini mwongozo ulikataza kumpa kitu mtu unayemhoji, usije ukapotosha majibu yake. Nikatii. Boksi lile lilirudi Dodoma halijatumika hata nusu. Mimi niliandika neno "glovu", nikalipigia mstari, nikamshukuru.

Jina lake sikuliandika. Niliandika hivi: mwanamke, miaka kama sitini, mwosha maiti, kitongoji cha juu kilimani, mume haoni, nyumba ya tembe yenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Kiongozi aliusoma ukurasa huo mbele ya wenzangu. "Hivi ndivyo inavyoandikwa," akasema. Nilivimba kwa furaha, na furaha hiyo sijajisamehe.

Siku ya nne hakuna nyumba iliyoitikia hodi. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta uwele uani alinikazia macho.

"Hodi ya nini tena? Leo mmekuja kumchukua nani?"

"Nani amechukuliwa, mama?"

"Usijitie hujui. Mgambo walipanda jana asubuhi wakiulizia mlango wa bluu. Bibi yetu yuko ofisi ya kata."

Nilishuka kilima nikikimbia. Bibi alikuwa kwenye benchi, na kanga ileile ya siku nilipomhoji. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, akitazama sakafu. Mezani kwa katibu kata ulikuwapo ukurasa wangu.

"Karibu, binti!" katibu akasema. "Una mwandiko, wewe! Umeturahisishia kazi. Nasubiri gari tu limpeleke wilayani, akajibu kosa la kukaidi amri. Umeliandika hapa mwenyewe, kwamba alijua."

Sijawahi kubuni jibu la mtu. Nikirudia ukurasa, huurudia kwa sababu ya koma. Lakini nilifungua kinywa nikasema, "Hakusema hivyo. Hilo niliongeza mimi."

Bibi aliinua uso.

"Acha, mjukuu wangu. Usinifanye mjinga mbele za watu. Nilijua, na niliwaosha nikijua. Mmoja wao mimi ndiye niliyempokea siku anazaliwa. Ningemwacha aende na uchafu wake?" Akamgeukia katibu. "Lakini wewe umesoma mstari mmoja. Safari zangu za zahanati zimo humo?"

"Zimo," nikasema.

"Msomee."

Nikasoma kwa sauti: mara tatu, glovu, klorini, hazipo. Ukutani, nyuma ya kiti cha katibu, ilibandikwa taarifa yake ya wiki kwa kamati, na mstari wa tatu ulisema vifaa vya kinga vinatosha. Nilimwona akigeuza shingo kuutazama.

"Na hii inakwenda wilayani?" katibu akaniuliza.

"Ni ukurasa mmoja," nikamjibu. "Akienda bibi, unakwenda naye wote."

Aliukunja, akautia kwenye droo.

"Nenda nyumbani, mama. Ila usirudie."

"Nipe glovu nitazivaa," bibi akasema, akiinuka. "Kuacha, sitaacha."

Linaniudhi hadi leo kwamba hakuachiwa kwa sababu alistahili. Aliachiwa kwa sababu mtu mzima aliogopa karatasi.

Nje nilimwomba radhi. Aliniuliza kwa nini niliandika mlango wake. Nikasema mwongozo ulitaka nieleze mazingira.

"Mume wangu amekaa tangu jana hana wa kumpa maji," akasema. "Hayo nayo andika kwenye mazingira." Akapanda kilima bila kuniaga.

Nilimweleza kiongozi kila kitu. Alisikiliza akiandika, kisha akanisomea alichoandika: jamii ya kitongoji hicho haikutoa ushirikiano. Nikamwambia jamii ilishirikiana, ndiyo maana ikakamatwa. Nikamwomba aifute sentensi ile.

"Dada, huu ni utafiti wa haraka," akajibu. "Hatuna muda wa kila kisa."

Alinyoosha mkono apewe kurasa za siku hiyo. Zilikuwa tupu, hakuna mtu aliyekuwa amekubali kuhojiwa. Hata hivyo nilikataa kumpa.