Lodi Aliyewauliza Askari Wakiwa Wima

Nilikuwa kwa kinyozi hapa mtaani Mpumudde, nusu ya kichwa imeshanyolewa, redio ilipotangaza kwamba yule lodi wa Wales amefariki. Wakaisifu kazi yake: mbunge wa kuchaguliwa miaka mingi, waziri mdogo kwa muda, kisha, baba yake alipokufa, akarithi kiti katika bunge la makabaila kama mtu anavyorithi shamba. Wakamwita rafiki wa askari wazee wa Afrika. Nikacheka kwa uchungu mpaka kinyozi akauondoa wembe.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilikuwa mkalimani wake alipokuja mjini Mbale. Ujanani alikuwa kapteni wa askari wetu katika vita vya Wazungu, na sasa alitaka kuwasemea bungeni. Asubuhi ile, kabla hajafika, askari wazee wa mtaa wa Namatala walinieleza shida zao wakiwa wameketi kwenye benchi. Mmoja, aliyeacha mguu Burma, alinionyesha mguu wake wa mti, umeoza na kumchubua mpaka damu. "Mimi nataka mguu tu," alisema. "Ambia afande, mguu moja tu."

Lodi akashuka garini, akawaamkia kwa Kiswahili chake chote: "Jambo, askari!" Kufumba na kufumbua wazee walikuwa wima, mikono ubavuni, yule wa mguu mmoja akiyumba kando ya mwenzake. Lodi akaniambia niwaulize kama wana shida. Nikawauliza. "Hapana, afande!" wakajibu kwa pamoja, na aliyepaza sauti kuliko wote ni yule wa mguu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakupita kambini, ambako mwenye shida kwenye gwaride ni mwenye kosa. Lodi alilengwa na machozi ya fahari. Nami, niliyejua yote, nikatafsiri neno kwa neno nikanyamaza, maana nilikuwa nimeahidiwa chakula naye hotelini.

Baadaye alinitumia nakala ya hotuba yake. Aliwaambia makabaila wenzake kwamba mashujaa wa Mbale hawaombi kitu. Hoja ya kuwasaidia ikafia hapo. Kila nilipokwenda Namatala yule mzee aliniuliza, "Bwana, mguu imefika?" Nikamjibu bado, mpaka siku niliyomkuta anazikwa.

Namkasirikia marehemu, na najikasirikia zaidi. Aliyefunzwa kusimama mbele ya mkubwa, mkalishe kwanza ndipo umuulize. Lodi alizaliwa na kiti chake. Benchi la wazee lilikuwa nyuma yao, hatua moja tu, na hakuna kati yetu wawili aliyewaambia, "Kaeni."