Kaka Ninamtu na Kiti cha Mama

Kaka yangu mkubwa alipewa jina zuri na wazazi, lakini mtaani kwetu halitumiki. Anaitwa Ninamtu. Mwenyewe anadhani ni sifa. Ukimwambia maji yamekatika, atakujibu, "Usijali, nina mtu pale." Ukimwambia umefiwa, sina hakika kama hatasema ana mtu huko marehemu alikokwenda. Mimi ni mdogo wake wa kike, tumelala chumba kimoja utotoni, namjua kuliko mkewe anavyomjua. Haya ninayowaambia sitii chumvi. Hayahitaji.

Ninamtu ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha mabati. Kazi yake ni kutoa misumari na bawaba akiletewa karatasi yenye saini, na kukataa kutoa asipoletewa. Basi, hakuna zaidi. Lakini mtazame anavyotoka asubuhi! Shati limenyooka, kalamu zimejipanga mfukoni, funguo kiunoni zinalia njia nzima, ungedhani anakwenda kufungua hazina ya serikali. Shati lenyewe nalinyoosha mimi, maana nina banda la dobi pale nyuma ya soko, na kola yake naijua ilivyochakaa kwa ndani. Huwa naikunja vizuri isionekane. Asante sijawahi kuisikia.

Foleni kwake ni tusi. "Foleni ni ya watu wasio na watu," ndivyo anavyosema, tena kwa sauti, mbele ya hao waliopanga foleni. Alipooa, sisi tulimwambia aende akalipie ukumbi mapema kama binadamu wengine. Aa wapi! Alikuwa na mtu. Siku ikafika, tukaingia na bibi harusi na vigelegele vyetu, tukakuta harusi ya watu wengine inakata keki. Tulimalizia sherehe uani kwa mjomba, bibi harusi amekalia kiti cha plastiki, na kaka anawaeleza wageni kwamba ukumbi ule ulikuwa na joto sana hata hivyo. Mkavu wa macho, kaka yangu yule.

Mambo ya ukumbi tulicheka yakaisha. Ya mama sikucheka.

Mama alikuwa mfagizi wa ofisi. Miaka yake ya nguvu yote imeishia kwenye korido za watu, ndoo mkono huu, ufagio mkono huu. Kwenye korido moja kulikuwa na kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji, yale yaliyo ndani ya hifadhi ya taifa huku kwetu juu. Mwaka ulipoisha, wenye ofisi wakaitupa ile kalenda, mama akaiokota kwenye takataka zake mwenyewe. Aliikata ile picha akaibandika ukutani juu ya kitanda chake, na ipo mpaka leo, imepauka, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuyaona maporomoko yale. Mama anakaa chini ya mlima uleule na hajawahi kuyaona. Kwanza ilikuwa kazi, halafu sisi, halafu baba akaugua, halafu miguu. Mwisho yakaja macho.

Alianza kugonga vikombe mezani. Nikasema twende hospitali. Ninamtu akasema, "Mama yangu apange foleni? Nina mtu pale." Akampeleka mlango wa nyuma. Wakakaa kwenye ngazi, karibu na mapipa, wakimsubiri huyo mtu, na foleni ya mlango wa mbele inasogea na kuisha. Mtu alikuwa likizo. Wiki iliyofuata wakarudi mlango uleule, mtu kahamishwa. Nilipochoka nikafunga banda langu, nikamshika mama mkono, tukapanga foleni na wenzetu, na kabla ya saa sita tulikuwa mbele ya daktari wa macho. Daktari akasema ni presha ya macho. Dawa itapunguza mwendo wake, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho hakitakaa sana.

"Kama kuna kitu unapenda kukiona, mama," akasema, "kakione mwaka huu."

Mama akanigeukia. Nilijua ni picha ile.

Sasa, kwenda hifadhini siku hizi si kuamka tu ukaenda. Watu wamekuwa wengi mno kule. Zamani magari yalikuwa yanabanana barabara ya mlimani mpaka wengine wanalala njiani. Kwa hiyo magari ya watu yamepigwa marufuku, unaacha la kwako kituo cha chini na kupanda basi la hifadhi. Na basi lenyewe hupandi hivihivi. Unaweka nafasi kwa simu, unatumiwa ujumbe wenye namba, na namba ndiyo kiti. Huna namba, unabaki chini ukipigwa na vumbi. Namba unaweza kumpa mtu mwingine ukibadilisha jina, ila ukishabadilisha, imetoka mikononi mwako.

Nafasi zinafunguliwa alfajiri, na kabla chai haijachemka zimekwisha. Nilihangaika asubuhi nyingi, pasi mkono mmoja na simu mkono mwingine, nusura niunguze suruali ya mwalimu mkuu. Siku moja nikapata. Viti vitatu: mama, mimi, na huyo kaka yetu, maana mama alisema hawezi kwenda bila mwanawe. Na kwa kuwa niliandikisha kwa simu ya mama na umri wake, mama akapewa kile cha mbele kabisa, cha dirishani, cha wazee. Nilirukaruka bandani peke yangu kama chizi.

Ninamtu alipopata habari, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umemwekea mama nafasi? Kama mtalii? Mimi nina mtu kwenye basi lile!"

"Mtu wako kaa naye mwenyewe," nikamwambia. "Mama ana kiti."

Akatikisa kichwa kwa kunihurumia, akaondoka na funguo zake zikilia. Nikadhani yamekwisha. Nisichokijua ni kwamba simu ya mama, niliyokwisha kumrudishia, ilikuwa imehamia kwake. Mama hawezi tena kusoma ujumbe, na kaka ndiye aliyejifanya msomaji wake.

Siku yenyewe mama alivaa gauni lake la bluu, lile la harusi na misiba, na viatu ambavyo havijawahi kugusa tope. Njiani alikuwa anauliza kila saa, "Tumekaribia?" Kituo kilikuwa kimejaa, watu na mikoba yao, watoto, chupa za maji. Mlangoni mwa basi alisimama dada mmoja mwenye kizibao cha kijani. Nikamtajia namba niliyoishika kichwani. Akaangalia kifaa chake, akaangalia tena.

"Samahani, dada. Viti hivi vimebadilishwa majina juzi."

"Vimebadilishwa na nani?"

"Na mwenye simu."

Nikageuka. Ninamtu alikuwa anajikuna shingo.

"Msiwe na papara," akasema. "Vile viti niliwapa watu waliokuwa na shida. Sisi si tuna mtu?"

Akatoa simu, akapiga, akaongea kwa mikogo ili foleni nzima isikie, "Njoo hapa mlangoni, nimefika na bi mkubwa." Tukasubiri. Upande wa nyuma akatokea bwana mmoja amevaa mabuti ya mpira, mikono inachuruzika povu.

"Kaka," yule bwana akasema kwa aibu, "mimi naosha haya mabasi tu. Hata mke wangu nilimwekea nafasi kwa simu kama watu wote."

Watu wakaguna. Mama akawa ananishika mkono, anauliza, "Anasema nini? Tunapanda?"

Hapo ndipo lilipoegeshwa gari kubwa jeupe, akashuka mama mmoja ananukia manukato, na mabinti zake wawili. Nilimtambua, maana magauni yake huletwa bandani kwangu. Mke wa meneja wa kiwanda cha mabati.

"Ooo, bwana stoo!" akapaza sauti. "Asante sana kwa viti! Mume wangu amefurahi, kasema hatakusahau."

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana huyu ndiye kaka yangu. Mama mzazi amesimama ubavuni pake kwa viatu vipya. Mke wa meneja hajui kitu, hana kosa lolote. Neno moja tu lingetosha. "Samahani madam, imetokea bahati mbaya, kimoja ni cha mama yangu." Nina hakika yule mama angekitoa, ana roho nzuri, hata dobi wake humsalimia kwa jina. Ninamtu alifanya nini? Alicheka hehehe, akainama, akasema, "Karibuni sana, madam, hicho cha mbele ndicho kizuri, utaona kila kitu."

Nikafungua mdomo niyamwage yote pale. Mama akanibana kiganja, nguvu zile za kukamua matambara.

"Nyamaza, mama," akaniambia taratibu. "Ni watu wa kazini kwake. Usimwaibishe."

Nikameza. Mlango ukafungwa, basi likaondoka, na Ninamtu akasimama barabarani akilipungia mkono mpaka likapinda kona. Mama alibaki ameelekeza uso kule mlio wa injini ulikokwenda. Kisha akasema jua kali, turudi nyumbani.

Baadaye ndipo nilipojua kaka alichokuwa anakitafuta. Kazini kulikuwa na nafasi ya mkuu wa stoo zote. Alikuwa amejigamba kwa meneja kwamba ana mtu hifadhini, meneja akasema basi nitafutie viti vya familia, na mtu hakuwepo. Kwa hiyo akachukua vya mama. Na huo ukuu je, aliupata? Thubutu! Alipewa mpwa wa mkurugenzi. Yule ndiye aliyekuwa na mtu kweli.

Kabla sijapata nafasi nyingine mvua zikaanza, hifadhi ikafungwa. Na mvua za mwaka ule zilikuwa hazina adabu. Ilipofunguliwa, mama alikuwa hawezi tena kutofautisha kikombe na kivuli cha kikombe. Jicho la kushoto lilikuwa limezima. La kulia lilikuwa linashika weupe na mwanga, kwa pembeni, akigeuza kichwa hivi. Nikaanza tena kugombania nafasi alfajiri, safari hii kwa simu yangu, ila kwa umri wa mama. Siku nilipoziwahi nikamwita kutoka chumbani.

"Mama, zimefunguliwa. Nichukue vitatu?"

Alifikiri kidogo. Mama yangu ambaye maisha yake yote amemtetea yule mtu, aliyekuwa akisema muacheni ndivyo alivyozaliwa.

"Viwili," akasema.

"Na kaka?"

"Yeye ana mtu."

Hakuzuilika, alikuja. Alitukuta kituoni amevaa koti, amepaka viatu dawa, akijua tu kiti chake kipo. Dada wa kizibao cha kijani akasoma majina, la mama na langu, akatusaidia ngazi. Ninamtu akatutazama kama mtu aliyesahauliwa kwenye hesabu ya chakula. Mama alipita hata hakugeuza uso. Alikaa kile cha mbele, cha dirishani, mikono juu ya magoti, na njia nzima hakuuliza kama tumekaribia.

Juu kule kuna ukuta wa mawe watu wanakoegemea wakipiga picha. Nikampenyeza mama katikati yao. Unyevu ulikuwa unatupiga usoni, na mngurumo ule unausikia mpaka tumboni.

"Ni yale meupe?" mama akauliza, akinyoosha kidole.

Alikuwa anaonyesha ukuta wa vyoo, umepakwa chokaa.

Nikamshika kidevu, nikamgeuza uso polepole, nikamwelekeza pembe ile inayoshika mwanga. "Hapo, mama. Hapo sasa." Akageuza kichwa kidogo, akakirudisha. Akasema anaona kama kuna kitu kinatetemeka. Akauliza kama ni kirefu. Nikasema ni kirefu sana. Akauliza kama kinafanana na cha kalenda. Nilikuwa nalia, lakini pale kila mtu uso umelowa, hakuna aliyejua. Nikamwambia kinafanana. Nilimchukia kaka yangu saa ile, nawaambia ukweli, na bado sijamaliza kumchukia.

Tuliporudi kituo cha chini, Ninamtu alikuwa mlangoni mwa basi kabla hatujakanyaga chini. Alishapata wasikilizaji kwenye foleni, wanne watano hivi, na nikamsikia anawaambia, "Huyo ndiye bi mkubwa, nimempeleka juu leo." Akamwendea mama, akamshika mkono kwa madaha.

"Haya, mama, tuambie! Maporomoko yakoje?"

Mama akainua uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Kamuulize mke wa meneja, baba," akasema. "Yeye alikikalia kiti changu nikiwa bado na macho."

Mama akautoa mkono wake kwenye ule wa Ninamtu, akaupapasa wangu, akaniambia anahisi njaa.