Kura za Marehemu wa Kwao Annick

Annick Namegabe anafundisha sheria ya Kirumi katika chuo kimoja hapa Bujumbura, na ukijisahau ukamwuliza habari za kazi, atakusimulia makaizari mpaka chai ipoe. Tunampenda hivyo hivyo. Mwaka huu alitaka kuolewa na Gaspard, wakala wa forodha pale bandarini, lakini dada wanne wa marehemu mama yake walikuwa hawajakubaliana. Bella, dada mkubwa wa Annick, hajaolewa, na inasemekana kwao mdogo hatangulii.

Jumapili wakakutana nyumbani, mtaa wa Cibitoke. Wawili walisema bibi zao walikataza. Wawili wakasema babu zao waliruhusu. Annick akaona somo limemfuata nyumbani. Akawaeleza kwamba Warumi nao walichoshwa na mabingwa wa sheria waliokwisha kufa, kila mmoja na neno lake. Kaizari akaamuru zihesabiwe kura za marehemu watano. Zikilingana, maana si wote walisema juu ya kila jambo, lifuatwe neno la Papiniani, mmoja wa hao watano.

Hapo alikosea vibaya. Wali haujaiva, kila mama alikuwa ameshafufua marehemu wapya, hata shemeji wa Uvira ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kura zikabaki sawasawa. Annick alikaribia kulia, kwa sababu anampenda Gaspard kweli.

"Papiniani wetu ni nani?" akauliza.

Mama Mkubwa Lisette, mkali kuliko wote, ndiye aliyekuwa mbele katika kukataza.

"Ni mama yako," akasema. "Alioleka mbele yangu, na mi ndiye mukubwa. Lakini alikuja kuniuliza. Nikamwambia, we enda, mi nitacheza kwa harusi yako."

Annick akamkumbatia. Kisha akatangaza kwamba atafanya kama Kaizari Justiniani, aliyekusanya maneno yote ya mabingwa, akakata yanayogombana, akabakiza kitabu kimoja na kukataza watu kukifafanua. Sheria ya kwao itakuwa moja tu: mkubwa aulizwe. Lisette akaanza kuifafanua papo hapo: aulizwe akiwa amekaa, na apewe chai.

Basi Bella akaitwa kutoka jikoni, akakalishwa, akapewa chai, akaulizwa. Muda wote ule hakuna aliyekuwa amemkumbuka.

"Robe ya kuvaa kwa harusi yako nilishashonesha," Bella akasema. "Nilikuwa nangoja tu mutu aniulize."