Nkambo wa Mbalamwezi

Juzi rimoti ya televisheni iligoma, nikaifungua nyuma nione kuna nini. Betri zilikuwa zimevuja. Ule unga mweupe uliobaki vidoleni ulikuwa na harufu ya chumvi na kutu, na kabla sijafikiri lolote nikaunusa tena kwa makusudi. Binti yangu Zuhura alinitazama akacheka. Yeye sikumweleza, bado ni mdogo. Ninyi nitawaeleza.

Kwetu Kalemie, nilipokuwa mtoto, betri haikufa siku moja. Ikichoka unaigongagonga kwenye jiwe. Ikichoka tena unaiuma kidogo kwa meno, na ikikataa kabisa unaianika juani. Mama alianika ndagala nyuma ya nyumba, wale samaki wadogo wa ziwani, na mimi nilianika betri zangu pembeni ya mkeka wake. Kazi niliyopewa ilikuwa kufukuza kuku na kunguru. Kwa kweli nilikuwa nalinda betri. Zilipopata joto nilizikimbiza ndani zikinuka samaki, nikazitia kwenye gemu ya mkononi ya kaka yangu, na kwa muda wa kusonga ugali, kioo kile kidogo kiliwaka.

Kaka yangu ni Ramazani, nyumbani nilimwita Yaya Rama, maana yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Alikuwa amenizidi sana umri, kiasi cha kunibeba mgongoni nilipokuwa mchanga. Gemu ile aliipata kwenye balo la mitumba lililovuka ziwa kutoka Kigoma, imesahauliwa ndani ya mfuko wa koti la mtoto wa watu. Ilikuwa gemu ya kukusanya wanyama wa ajabu. Unatembea porini, mnyama anatokea, unamtupia kibuyu, na akiingia ndani ya kibuyu amekuwa wako. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina. Miaka mingi baadaye niliambiwa ni Kijapani, lakini wakati ule kwetu kila kisichosomeka kilikuwa Kichina na hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo Rama alitafsiri. Hakujua hata herufi moja, na hilo halikumsumbua. Konokono aliyebeba chungu mgongoni akamwita Mama Mupishi. Ndege aliyelala kila ukimhitaji akamwita Sentineli, kwa heshima ya mlinzi wa ghala la jirani yetu. Kando ya ziwa lililokuwa ndani ya gemu alisimama mzee mwenye ufagio, na kila tulipomsogelea alitoa maneno mengi.

"Anasema nini?" nilikuwa nauliza.

Rama anakunja uso kama hakimu. "Anasema Nkambo anaishi humu ndani ya maji. Anasema hapendi mwangaza."

Nkambo, kwa Kiswahili chetu, ni babu au bibi, na ni wale waliotutangulia pia. Ndani ya gemu kulikuwa na kitabu cha wanyama wote, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na kivuli cheusi tu. Tena kila ulipoiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, jicho moja lilifunguka chini ya maji, mgongo wa mawe ulioota majani ukapita polepole, basi. Zaidi ya hapo hatukuwahi kuona. Rama alisema mnyama huyo yuko tangu ziwa halijawa ziwa, kwamba maji yalikuja yakamkuta amekaa. Nilimwamini. Nilikuwa naishi kando ya ziwa ambalo hata Papa, baba yetu, aliyekesha juu yake nusu ya maisha yake, hakujua chini linaishia wapi.

Papa alikuwa mvuvi wa taa. Ndagala huvuliwa kwenye giza: unawasha taa juu ya maji, wao wanakuja kuitazama, wavu unawabeba. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi, kwa sababu ziwa zima linang'aa na ndagala hawaoni haja ya kukusanyika kwenye taa ya mtu. Siku hizo wanaume wanashinda ufukweni wakishona nyavu na kutaniana. Sisi watoto wa mvuvi tuliona Nkambo naye lazima awe na sheria hiyo hiyo. Siku za mbalamwezi tulimwacha apumzike, hata mchana. Gemu yenyewe haikujua mwezi wala jua, ila nani angetuambia?

Kisha Papa mdogo, aliyekuwa na duka Kigoma, akahitaji mtu wa kumsaidia, na nyumbani ikaamuliwa ni Rama. Tulimsindikiza bandarini asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, na Mama alikuwa amechoka kunibembeleza. Rama akachuchumaa, akatoa gemu mfukoni.

"Mwavita, sikia. Hii njo yako sasa. Siku utamukamata Nkambo, ujue mi niko njiani."

"Utarudi?"

"Utamukamata, mi narudi. Haki ya Mungu."

Nikaipokea gemu. Nilipoinua macho alikuwa tayari amepanda boti, na mfuko wa ndagala wa Papa mdogo kichwani, hata mkono wa kunipungia hakuwa nao.

Sikujua kabla ya siku ile kwamba nyumba ya mvuvi wa taa ni nyumba ya kunong'ona. Papa alirudi alfajiri, akalala mchana kutwa, na asingeweza kulala kama mtu anaongea. Mama alikuwa sokoni. Rama alipokuwepo tulinong'onezana na kuzibana vinywa kwa kicheko, na kimya kilikuwa mchezo wetu. Alipoondoka kikabaki kimya tu. Nilirudi kutoka shule, nikavua viatu nje, nikapita kwa ncha za vidole mbele ya mlango wa Papa, nikakaa nyuma ya nyumba na ndagala na kuku. Gemu niliicheza sauti ikiwa imezimwa. Nilikuwa mpweke jamani, na sikuwa na neno la kuita hali hiyo. Nilidhani ni njaa. Mara nyingi niliingia jikoni nikala kiporo, kisha nikashangaa kwamba haijaondoka.

Wenzangu wa mtaani waliruka kamba. Siku moja nilijaribu kuwaeleza habari za Nkambo. Mmoja akauliza kama ana mke, wakacheka mpaka wakakaa chini, nami nikarudi kwa kuku wangu.

Basi nikafanya kazi niliyoachiwa. Kila betri zilipopata joto nilikwenda ukingoni mwa ziwa lile la kioo, nikaenda mbele, nikarudi nyuma. Nilimwamkia mzee wa ufagio kwa kunong'ona, "Shikamoo, Muzee," naye akanijibu Kichina chake. Rama hakuwepo kunitafsiria, kwa hiyo nikawa naamua mwenyewe: leo anasema nivumilie, leo anasema Nkambo amelala. Ziwani hakikutoka kitu ila vyura.

Siku niliyompata sikuwa hata namtafuta. Zilikuwa siku za mbalamwezi, Papa hakulala mchana, alikuwa ufukweni na wenzake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliweza kuweka sauti. Nilitaka kusikia muziki tu. Nilikuwa natembeatembea kando ya maji nikiusikiliza, mara muziki ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Kukatoka mlio mzito ambao ulitetemesha gemu mikononi mwangu, halafu akainuka: mgongo wa mawe, majani yamening'inia, jicho moja kubwa lenye usingizi. Hakunishambulia. Alinitazama tu. Nilimtupia kibuyu nikijua kitapasuka, kwa maana hata Sentineli alipasua vibuyu kadhaa kabla ya kukubali. Nkambo aliingia mara moja, bila fujo yoyote, mithili ya mtu aliyechoka kukaa nje.

Nilikimbia ufukweni miguu peku. "Papa! Nimemukamata Nkambo! Yaya Rama anarudi!"

Wavuvi wakainua vichwa kutoka kwenye nyavu. Papa alikuwa mtu wa utani akiwa amelala vizuri.

"Na mbalamwezi hii?" akasema. "Sisi wanaume wazima tumekaa bure, mama, wewe njo umekamata? Huyo hakuwa wa kukamatwa. Murudishe, utamukamata tena giza ikija."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikujali pia. Nilikwenda bandarini.

Nilikwenda kesho yake pia, na siku zilizofuata. Maboti ya Kigoma yalifika yamejaa sabuni, magodoro na vyombo vya plastiki. Nilimtazama kila mwanaume kijana aliyeshuka, mpaka wapagazi wakanizoea, wakawa wananiambia kabla sijauliza, "Hayupo, mutoto." Siku moja jirani yetu aliyekuwa akifanya biashara ya ng'ambo alishuka akaniita kwa furaha. Nilimkimbilia. Akanipa kifurushi kutoka kwa Rama: viatu vyekundu, vizuri kabisa, na havikuniingia. Vilikuwa vya mguu aliouacha. Nilisukuma kisigino nikalia, na Mama akadhani nalilia viatu.

Ndipo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Papa alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimemkamata Nkambo siku za mbalamwezi, siku ambazo hakuna mtu wa kwetu anayechukua kitu ziwani, kwa hiyo haikuhesabika, na Rama huko aliko hakuhisi chochote. Dawa ilikuwa kumrudisha, nisubiri giza, nimkamate upya kama inavyotakiwa. Nilijua namna ya kumwachia mnyama, maana Rama aliwahi kumpoteza mmoja kwa kubonyeza ovyo. Nilingoja mwezi uishe. Nikakaa nyuma ya nyumba, nikamtafuta Nkambo kwenye orodha, nikabonyeza. Picha yake ikawa ndogo, ikawa nukta, ikapotea.

Nikaenda mbio kando ya ziwa la kioo kumngoja.

Ninyi mliokua na vitu hivi mnajua tayari. Wanyama wa namna ile hutokea mara moja tu. Mimi sikujua, na maelezo yalikuwa Kichina. Nilitembea ukingo ule mwezi hata mwezi, kila giza lilipoingia nikianza na matumaini mapya, mpaka ikafika siku betri hazikukubali jua wala meno, na Mama akazitupa.

Rama alikuja kweli, nikiwa msichana wa sekondari. Alikuwa na ndevu na lafudhi ya Kigoma, akauliza habari za mgongo wa Papa, za ghala la jirani, za kila mtu. Nilimpikia chai, nikakaa mkabala naye nikingoja aniulize. Hakuniuliza. Nikataja gemu kwa mbali, akasema, "Eh! Ile ya Kichina? Bado iko?" akaendelea kunywa chai. Nilimchukia siku ile. Nawaambieni bila kuficha, nilimchukia hadi alipovuka tena, na hata baadaye, kila alipopiga simu nilimpa Mama haraka.

Siku hizi nafanya kazi ya chanjo. Mtoto wa mwenzangu kazini ana gemu hiyo hiyo ndani ya simu, kwa Kifaransa. Nilimwomba anipeleke kwa mzee wa ufagio. Mzee anasema tangu asubuhi anafagia, na upepo unarudisha majani. Basi. Hana habari na Nkambo wala giza. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Wiki hii tulipangiwa kwenda Nyunzu, kisha Manono kama barabara itaruhusu. Gari lilikuja kunichukua asubuhi. Zuhura alinikumbatia miguu akalia, nikambembeleza, mama yangu akambembeleza, haikusaidia. Dereva anatazama saa. Ndipo nikaokota kitabu chake cha kupaka rangi, kile kinene, na nikajisikia nasema kwa sauti tamu:

"Sikia, mama. Ukimaliza kupaka rangi kurasa zote, utaona mi niko mulangoni."

Akanyamaza. Akakipokea kitabu kwa mikono miwili, na miguu yangu ikawa huru. Nilikuwa nimeshafika kwenye gari na mlango uko wazi nilipotambua nilichofanya, na jinsi ilivyokuwa rahisi, na kwamba sikuwa na ubaya wowote moyoni. Kijana yule bandarini alikuwa anapelekwa asikochagua, na boti lilikuwa linaondoka, na mimi nilikuwa nimemshika mkono kwa mikono yangu yote.

Zuhura alikuwa ameshakaa mlangoni anapaka bata rangi nyekundu, upesi upesi, bila kuinua kichwa. Nilirudi nikachuchumaa.

"Zuhura, acha bata. Kitabu hakinirudishi. Nitarudi, lakini siku yenyewe siijui."

Aliangusha kalamu akanishika shingoni, akalia kuliko mwanzo. Dereva akapiga honi. Nikamwacha anishike.